Kura ya Wenye Viti

Mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi pale kwenye kiwanda cha mashati aliitwa Tai kwa sababu alivaa tai. Hapakuwa na siri nyingine katika jina hilo. Alikuwa fundi mitambo, na fundi mitambo ana haja ya tai pale tu anapoitafuta ajali, lakini tangu achaguliwe hakuonekana tena shingo tupu. Aliivaa juu ya ovaroli yenye madoa ya grisi, akainama nayo kwenye mashine, na kila aliponyooka ilikuwa imepata doa jipya. Wanawake wa upande wa kushona walikuwa wakimtazama na kunong'onezana kwamba iko siku cherehani itamwondoa madarakani, maana wapiga kura wameshindwa.

Tai aliupenda usawa. Aliupenda kama mtu anavyompenda shemeji anayekaa mbali. Hakuna mkutano uliopita bila yeye kusema kwamba akina mama ni jeshi kubwa, akina mama ni uti wa mgongo wa chama, bila akina mama hakuna kiwanda. Nyuma ya meza kuu, ndani ya bwalo walimofanyia mikutano, alitundika bango refu la kitambaa cheupe lenye herufi nyekundu: USAWA KAZINI NI HAKI YETU SOTE. Herufi zile zilishonwa na wanawake wakati wa mapumziko ya mchana, hawajatia kitu mdomoni, kwa sababu Tai alilitaka bango haraka. Lilipozinduliwa, waliolishona walilitazama wakiwa wamesimama ukutani, kama walivyotazama kila jambo la chama hicho.

Mmoja wao alikuwa Mama Kola.

Aliitwa hivyo kwa sababu alishona kola. Alizishona zikiwa ndefu mpaka karibu na mabega, zikaja fupi, zikarudi ndefu, na yeye akabaki palepale, mashine ileile, karibu na dirisha lililokwama. Mume wake, Mkasi, alikuwa mkata vitambaa. Walionana hapohapo kiwandani, wakapendana, wakaoana, wakapata watoto watatu. Mkasi aliwapata watoto wake bila kupoteza hata nusu siku ya kazi. Mama Kola alipoteza kazi mara tatu, kwa sababu enzi hizo mwanamke aliyekwenda kujifungua alihesabiwa kuwa ameacha, na akirudi alipokelewa kama kibarua aliyeokotwa getini asubuhi ile. Mara zote tatu alirudi, akaanza chini, akapanda tena taratibu. Mtindo huo ulikuja kukomeshwa, wala si na chama. Ulikomeshwa na mkaguzi wa kazi, mwanamke mwenye sauti ndogo, aliyefika siku moja na kuuliza maswali ambayo mwajiri hakuyapenda. Tai alipiga picha naye langoni, na tangu siku hiyo akawa anasema, "Wakati ule tulipowapigania wazazi."

Sasa, ukuta. Bwalo lilikuwa na viti vya kutosha nusu ya watu, pengine pungufu. Ombi la kuongeza viti lilisomwa kila mwaka likiwa mwisho wa ajenda, na kila mwaka muda ulikwisha kabla halijafikiwa. Siku za mkutano kengele ya kutoka ililia kwa wote, lakini wanaume waliweka vifaa chini wakaondoka, na wanawake wakabaki kufagia. Kila mshonaji alifagia nyuzi na vipande vya kitambaa chini ya mashine yake, halafu wakafagia na chini ya meza za wakataji, kwa sababu wakataji, eti, hawainami vizuri. Walipofika bwaloni viti vilikuwa vimeshajaa wanaume, miguu imenyooshwa, magazeti yamefunguliwa. Basi wakasimama ukutani, wenye mimba na wenye miguu ya kuvimba wote pamoja, wakasikiliza habari za usawa.

Kura za chama zilipigwa kwa namna moja tu. Tai alisema, "Wanaokubali waendelee kukaa, wanaopinga wasimame." Wenye viti wakaendelea kukaa, maana wanaume wale walikuwa wamechoka na jambo lenyewe kwa kawaida lilikuwa la faida yao. Katibu akatazama viti, akaona hakuna aliyeinuka, akatangaza kwamba limepita kwa kauli moja.

Mwaka mmoja Mama Kola aliuliza. Alikuwa bado kijana, amembeba mtoto wa pili mgongoni, na jambo lililokuwa linapitishwa lilikuwa la kuwahamisha wanawake zamu. Aliinua mkono na kusema, "Na sisi tuliosimama je? Mbona hatuhesabiwi?"

Tai alimtazama kwa huruma, ile huruma ya mtu aliyeshiba. "Mama, kura huhesabiwa kwa mtu anayeinuka. Wewe hukuinuka. Wewe ulikuwa umesimama tu."

Bwalo lilicheka mpaka magazeti yakaanguka. Mkasi alicheka pia, mstari wa mbele, kwenye kiti chake cha chini ya feni. Alipoulizwa baadaye nyumbani alisema kwamba hakucheka, alikohoa. Mama Kola alikaa na kikohozi hicho miaka mingi.

Jioni moja Mkasi alifika nyumbani kichwa kimevimba kwa majivuno. Binti yao mkubwa alikuwa amekuja kuwaona, kama alivyozoea baada ya kazi. Naye alishona palepale kiwandani, upande wa matundu ya vifungo, na alikuwa na mimba yake ya kwanza, ambayo sasa ilionekana hata akivaa koti. Alikuwa ameolewa na kijana mwema ambaye kazi zilikuwa zinamkimbia, leo yupo kwenye jengo, kesho hayupo, kwa hiyo mshahara wa matundu ya vifungo ndio uliowapa paa.

"Tumepata posho ya ujuzi," Mkasi alisema kabla hajavua viatu. "Wakataji na mafundi mitambo. Tai amewabana mpaka wakasalimu amri."

"Na sisi washonaji?" Mama Kola aliuliza.

"Nyinyi ni awamu nyingine. Wanasema kushona si ujuzi hasa, ni mazoea. Mwanamke hata nyumbani anashona."

"Na wewe nyumbani umewahi kushona nini?"

"Ndiyo maana nakwambia, mimi ni mkataji."

Mama Kola alimwangalia mtu aliyezaa naye, akaona si wakati wa kumfundisha kufikiri. "Na mwajiri amepata nini?" aliuliza. "Hakuamka asubuhi akawapenda tu, baba watoto."

Mkasi aliinama kufungua kamba za viatu, na siku hiyo kamba zilimpa kazi kweli. "Kuna kipengele kidogo cha kupigiwa kura," alisema akiwa bado ameinama. "Cha wazazi. Mtu akienda kujifungua, akirudi anaanza upya. Kama zamani. Mkaguzi yule hayupo tena, na huyu mpya anasema pande mbili zikikubaliana yeye hana neno."

Binti alikuwa anamenya viazi. Kisu kilisimama.

"Naanza upya vipi, baba?"

"Kibarua. Kwa muda. Ni utaratibu tu, mwanangu. Ukijitahidi wanakurudisha."

"Kibarua akiambiwa kesho usije, haji."

"Wewe hawawezi kukwambia hivyo. Wanakujua."

"Mimi walinijua mara tatu," Mama Kola alisema. "Mara ya tatu walinipa mtu wa kunifundisha kushona kola, na huyo mtu nilimfundisha mimi."

"Basi njia unaijua, utamwelekeza," Mkasi alisema, akajaribu kucheka. Alicheka peke yake, halafu akaacha.

Binti alimtazama baba yake, hakumwondolea macho. "Utapiga kura gani, baba?"

"Kura ni siri ya mtu," Mkasi alijibu, na akaingia chumbani kubadilisha shati. Mtu wa chama ambacho kura yake hupigwa kwa kunyanyuka mbele ya halaiki, aliyaongea maneno hayo bila kuona haya.

Mama Kola alichukia. Alimchukia Tai, akaichukia ile tai yake, akamchukia mumewe kwa nusu saa nzima, na baada ya hapo akajichukia mwenyewe kwa miaka yote aliyoshika ukuta akidhani siku moja watamwona. Binti aliondoka bila kumaliza viazi. Mama yake alivimaliza, akivitoa maganda manene kupita kiasi.

Asubuhi alimfuata Shangazi wa Pasi. Huyu alikuwa mkubwa wa wote upande wa wanawake, ameinyoosha nguo ya kila mtu mjini, na hakuogopa kiumbe isipokuwa mvuke. Kiwanda kizima kilimwita shangazi, hata waliomzidi cheo.

"Unataka tugome?" Shangazi aliuliza akipiga pasi. "Wataleta wengine kutoka getini kabla ya saa sita."

"Sitaki tugome. Nataka tukae."

"Tukae wapi?"

"Kwenye viti, Shangazi. Siku ya kura tukae kwenye viti."

Shangazi alisimamisha pasi, jambo ambalo hakulifanya hata msimamizi alipopita. Alifikiri kidogo, halafu tumbo likaanza kucheka kabla ya mdomo. "Ufagio," alisema. "Kinachotuchelewesha ni ufagio."

"Siku hiyo hatufagii."

Neno hilo lilienea bila mkutano wala karatasi, kwa sababu ya namna shati linavyotembea. Wakataji hukata kitambaa, wakafunga mafungu, wakayasukuma upande wa pili, na kuanzia hapo shati haliwarudii tena. Linapita mikononi mwa wanawake tu: mabega, mikono, kola, matundu, vifungo, pasi. Mashine zinapiga kelele, na watu wa huko hawasemezani kwa sauti. Anayekabidhi fungu anainama, anayepokea anatazama midomo. Wiki ile kila fungu lilikwenda na neno lake, na wakataji, ambao hawajawahi kugeuka kuona shati linaishia wapi, hawakuona kitu. Walikuwa wanazungumzia posho.

Si wote waliokubali mara moja. Mshona vifungo mmoja alimwambia Mama Kola wakiwa bombani, "Mume wangu ni fundi mitambo. Nikimkalia kiti chake atanielewa kweli?"

"Kiti cha bwalo kimeandikwa jina la mumeo?"

"Hakikuandikwa. Lakini anapenda cha karibu na mlango."

"Basi kaa cha karibu na mlango," Mama Kola alisema. "Akuone vizuri anapoingia."

Siku ya kura kengele ililia, mashine zikanyamaza, na wanawake wakasimama kwa pamoja, wakavua aproni na kutoka. Nyuzi zilibaki sakafuni kama zilivyo. Msimamizi alibaki na mdomo wazi katikati ya vyerehani.

"Na uchafu huu je?" aliuliza.

"Tunawahi mkutano wa usawa," Shangazi alimjibu, akapita.

Wanaume walikuwa wamekwenda kunawa na kuvuta sigara, kama kawaida yao, kwa kuwa viti havijawahi kuwakimbia. Walipoingia walikuta vimejaa. Wazee na wenye mimba walikaa mbele, wengine nyuma yao, na waliokosa wakajipanga kando. Hapakubaki hata kimoja isipokuwa vile vya meza kuu. Wakataji walizungukazunguka wakichungulia huku na huku, kisha mmoja akaegemea ukuta, na wenzake wakaona heri na wao waegemee. Fundi mitambo mmoja alisimama mlangoni akimtazama mkewe, mke akimtazama yeye kutoka kiti cha karibu na mlango.

Mkasi alikwenda moja kwa moja mpaka chini ya feni. Kwenye kiti chake alikuwa amekaa binti yake, mikono juu ya tumbo.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ya chini, "hapo huwa nakaa mimi."

"Shikamoo, baba," binti alisema.

"Marahaba."

Alisubiri. Binti alikuwa amemaliza. Heshima yote aliyodaiwa alikuwa ameitoa, na kiti hakikuwamo. Mkasi alirudi nyuma akatafuta nafasi ukutani, karibu na pale ambapo mkewe alizoea kusimama.

Tai aliingia na mafaili kwapani, akaona, akatabasamu. Aliyajua hayo matabasamu kama fundi anavyozijua spana zake. Alikuwa nayo ya kila ukubwa. "Akina mama leo mmetuwahi," alisema. "Hongereni. Lakini tukumbuke ustaarabu. Naomba vijana wapishe wazee."

"Mzee ni mimi," Shangazi wa Pasi alisema, "na nimeshakaa."

Tai aliona bora asonge mbele. Alisema akina mama ni jeshi kubwa. Alisema akina mama ni uti wa mgongo, na safari hii uti wa mgongo ulikuwa umeegemea vizuri ukimsikiliza. Alieleza posho ya ujuzi kwa kirefu. Kisha alishusha sauti na kusoma, haraka kama mtu anayevuka barabara, habari ya "mpangilio mpya wa ajira kwa wafanyakazi watokao katika likizo ya uzazi." Hakusema kibarua. Neno hilo alilifunika kwa maneno mengine mpaka likakosa hewa.

Halafu akafika kwenye kura, na hapo ulimi wake ulimponza. Mtu mwenye akili, akiliona bwalo lile, angeahirisha mkutano. Tai alikuwa ameyasema maneno yale miaka mingi kiasi kwamba hayakupitia tena kichwani, yalitoka yenyewe.

"Wanaokubali waendelee kukaa, wanaopinga wasimame."

Binti ndiye aliyeanza. Aliinuka polepole, kwa sababu mtu wa hali ile hainuki kwa haraka, mkono mmoja kwenye kiti na mwingine kiunoni, na bwalo zima likamsubiri. Mama Kola akainuka. Shangazi akainuka. Kisha viti vyote vikasukumwa kwa pamoja, na kishindo chake kilisikika mpaka ofisi ya mwajiri. Waliobaki wamekaa walikuwa kamati tu, chini ya bango la usawa.

"Subirini kwanza," Tai alisema. Alilegeza fundo la tai yake. "Leo kwa kuwa tuko wengi, nadhani tupige kwa mikono, itakuwa ya haki zaidi."

"Mwenyekiti, umeshaita kura," Mama Kola alisema. "Nasi tumeinuka. Mwambie katibu ahesabu."

Mkataji mmoja alipaza sauti kutoka ukutani. "Na sisi tuliosimama huku je? Mbona sisi hatuhesabiwi?"

Hakuna mwanamke aliyemjibu. Wote waligeuka wakamtazama Tai, hata vijana ambao siku ile ya kicheko hawakuwa wamezaliwa, maana hadithi ile ilikuwa imepita mikononi mwao kama shati. Tai alilijua jibu. Alilitunga mwenyewe. Aliangalia mafaili, akaangalia dari.

"Utaratibu," alisema hatimaye, "unajulikana."

Katibu, ambaye siku nyingi alikuwa anakitamani kiti cha mwenyekiti na aliona nafasi isiyojirudia, alihesabu bila kuruka mtu, kisha akatangaza kwamba kipengele kimekataliwa. Wanaume walitoka wakinung'unika kuhusu posho. Miguu ilikuwa inawauma. Walisema kusimama muda wote ule ni mateso, binadamu hapaswi kufanyiwa hivyo, na walisema kwa mshangao wa kweli, kama watu waliogundua jambo jipya duniani.

Wiki haikuisha kabla Tai hajaanza kusema, "Wakati ule tulipokikataa kile kipengele." Alipiga picha chini ya bango, yeye na kamati yake, wanaume watupu. Baadaye kamati ilikaa ikaamua kwamba kura sasa ni za mikono, na ikasifu uamuzi huo kuwa hatua kubwa ya kidemokrasia. Ombi la viti lilipanda kutoka mwisho wa ajenda mpaka mwanzo, na likapita siku hiyohiyo. Wakataji ndio waliolishikia bango.

Binti alijifungua salama, mtoto wa kike mwenye sauti ya king'ora, na likizo ilipokwisha akarudi kwenye mashine yake ileile ya matundu. Mtoto alishinda kwa jirani aliyelea wengi, na jioni bibi yake akamchukua.

Jumapili moja majirani walikuja kumwona. Mkasi alikuwa amempakata mjukuu, amekaa kwenye kiti kikubwa cha sebuleni, na alikuwa amefurahi mno. Mazungumzo yalifika kwenye mambo ya kiwanda, na jirani mmoja akasema kwamba amesikia kulikuwa na vuta nikuvute.

"Ilikuwepo," Mkasi alisema, akimrekebisha mtoto mapajani. "Walitaka kuwaonea wazazi. Lakini kile kipengele tulikipinga. Mimi binafsi nilikipinga tangu siku ya kwanza, moyoni mwangu."

Binti, aliyekuwa akileta chai, alisimama na birika mkononi. Alimtazama baba yake kama alivyomtazama jioni ile ya viazi, kisha akamtazama mama yake.

Mama Kola alikuwa anakunja nepi. Inawezekana ilikuwa kweli. Inawezekana mtu akasimama ukutani huku moyo wake umeinuka, na hakuna wa kujua. Lakini yeye alikuwa amesimama ukuta uleule kwa miaka, moyo wake ukiinuka kila mkutano, na haukumsaidia mtu yeyote.

"Kura huhesabiwa kwa mtu anayeinuka, baba watoto," alisema. "Siku ile mimi sikukuona ukiinuka."

Majirani walitazama vikombe vyao. Mkasi alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza hakukohoa.

"Ila hujachelewa," Mama Kola alisema, akamrushia nepi moja kavu. "Mtoto amelowa. Inuka sasa, tukuone."

Mkasi aliinuka.